Homu ya Wentworth: walipolala ndipo walipojifunza



Katika mkutano wetu wa mwisho tulibishana karibu saa mbili nzima juu ya ile nyumba tunayotaka kukodisha kwa ajili ya bableu wa mwaka wa kwanza, wale wanaotoka vijijini na hawana jamaa hapa mjini. Juu ya nyumba yenyewe tulikubaliana wote. Ugomvi ulikuwa juu ya vyumba. Mkubwa wetu mmoja alisema wa medisini wakae pamoja, wa agronomia pamoja, wa sosiolojia pamoja, juu kila mtu ana silabusi zake. Akamalizia hivi: «Ile nyumba ni ya kulala tu. Masomo iko ku iniversite.» Watu wakapiga makofi.

Mimi sikusema kitu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na nafsi yangu, juu nilikuwa na jibu ila nilikosa maneno. Njo maana ninaandika leo. Jibu langu linatoka katika historia ya homu moja ya wanafunzi, mbali na hapa kwetu. Lakini bado kwanza sijafika kule, niruhusuni niwaeleze kwa nini jambo hili linanichoma.

Mwaka wangu wa mwisho wa lisansi nilifanya staji upande wa Kabare. Kazi yangu ilikuwa kupima ugonjwa wa mozaiki katika mashamba ya muhogo. Unachagua mimea 30 katika shamba, unatazama majani, unaandika. Katika shamba moja, mama mwenye shamba alikuwa na mtoto wa kama miaka mitatu, amekaa chini bila kucheza. Miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, macho hayafuati mtu. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji daktari atuambie jina. Ni bwaki, ile ambayo vitabu vinaiita kwashiorkor.

Nikamuuliza: «Mama, huyu mutoto anakulaka nini?»

Akajibu: «Bukari ya muhogo, mwanangu. Na sombe, kama iko. Sambaza tunaonaka tu ku soko.»

Nilikuwa na miaka minne ya chuo kichwani. Nilijua muhogo unashibisha lakini protini yake ni kidogo sana. Nilijua maharagwe yanaweza kupandwa katikati ya mistari ya muhogo. Yote hayo nilikuwa nimeyajibu ku mtihani. Lakini mbele ya yule mtoto sikuyaunganisha. Nilimwambia mama ampeleke hospitali, nikaendelea kuhesabu majani. Baada ya majuma matano nilirudi kupima mara ya pili. Mtoto simuoni. Nikauliza. Mama akasema: «Alisha kwenda, mwanangu», akainama kuchukua jembe lake.

Ripoti yangu ilipata alama nzuri. Kuna meza nyingi za hesabu ndani yake. Mtoto hayumo.

Miezi kadhaa baadaye, kwenye harusi, nilikaa karibu na kijana mmoja aliyemaliza medisini. Naye alikuwa amefanya staji upande ule ule. Akaniambia: «Kule, tunaponyesha mutoto wa bwaki, anarudi kwao, kisha miezi mitatu tunamuona tena. Sijuwe banalimaka nini kule.» Mimi nilijua wanalima nini. Nilikuwa na daftari nzima. Tukahesabu: kwa miaka minne homu yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja. Tulikuwa tunasalimiana ku bomba ya maji, basi. Hakuna siku tuliulizana: wewe unasoma nini, na kinasaidia nani?

Tangu ile harusi nimesoma sana juu ya mahali ambapo wanafunzi waliishi pamoja, na kule kuishi pamoja kukawabadilisha. Mahali palipofundisha zaidi ni Durban, Afrika Kusini.

Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Natal kilifungua mjini Durban fakilte ya medisini kwa wanafunzi wasio Wazungu: Waafrika, Wahindi, na wale ambao serikali iliwaita Machotara. Tukumbuke wakati wenyewe. Chama cha National Party kilikuwa kimechukua utawala mwaka 1948 na siasa yake ya apartheid, yaani kila rangi mahali pake: mtaa wake, shule yake, kiti chake. Fakilte ile ilijengwa karibu na hospitali ya King Edward VIII, hospitali kubwa ya watu weusi wa mji ule. Mawazo ya wakubwa yalikuwa rahisi: weusi watasoma, kisha watatibu weusi wenzao.

Watalala wapi? Si pamoja na wanafunzi Wazungu wa chuo kile kile. Walipelekwa Wentworth, kusini ya mji, ku kambi ya zamani ya askari wa Vita ya Pili ya Dunia. Nyumba zake zilikuwa zile za jeshi, ndefu na za chini. Karibu yake kulikuwa na kiwanda cha kusafisha petroli, moshi na harufu yake vinaingia mpaka vyumbani. Mahali pale pakaitwa Alan Taylor Residence, jina la daktari mmisionari aliyefanya kazi katika hospitali ya McCord hapo Durban. Katika miaka ya mwanzo kozi nzima ilichukua miaka 7, juu waliongeza mwaka mmoja wa matayarisho: chuo kiliona shule za weusi haziwatayarishi watoto vya kutosha katika sayansi.

Basi fikiria mbleu wa pale. Anatoka kijijini au ku misioni, wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu. Wazazi na majirani wamechanga pesa. Wote wanamngoja arudi daktari, ajenge nyumba, asomeshe wadogo. Tunamjua huyo kijana, si ndiyo? Ni sisi. Anafika, anapewa kitanda ku kambi ya askari, chini ya moshi wa kiwanda, kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Somo lake la kwanza juu ya afya na jamii halikutoka kwa profesa. Lilitoka kwenye kitanda.

Hata hivyo, katika fakilte yenyewe kulikuwa na mbegu nzuri iliyopandwa kabla yake. Mwaka 1940 Sidney Kark na mke wake Emily, wote wawili madaktari, walianzisha kituo cha afya Pholela, mashambani ya Natal. Walifanya kazi pamoja na Edward Jali na mke wake Amelia, mwuguzi. Hawakukaa kungoja wagonjwa. Walituma wasaidizi wa afya nyumba kwa nyumba wakauliza: mnaishi wangapi, mnakunywa maji gani, mnakula nini? Wakakuta watoto wenye kwashiorkor na wakubwa wenye pelagra, ugonjwa unaowapata watu wanaoishi karibu kwa mahindi tu. Dawa yao ya kwanza ilikuwa bustani za mboga. Ninyi wenzangu wa agronomia, hapo mwone: katikati ya kituo cha afya, jembe! Baadaye Sidney Kark aliongoza pale Durban chuo cha kutayarisha wafanyakazi wa afya, na mafundisho yake yakaingia katika fakilte mpya ya medisini: ugonjwa unaanzia nyumbani na shambani kabla ya kufika hospitalini. Serikali ya ubaguzi haikupenda kazi ya namna hiyo. Mwaka 1958 Kark aliondoka nchini. Mbegu ilibaki chini ya udongo.

Mwaka 1966 kijana mmoja wa miaka 19 aliingia ile homu. Jina lake Stephen Bantu Biko, mtoto wa Ginsberg, mtaa wa weusi wa King William's Town. Baba alikufa Steve akiwa bado mdogo sana. Mama yake, Alice, aliwalea watoto kwa kazi za nyumbani ku Wazungu, na kwa kupika hospitalini. Kijana alikuja kutafuta udaktari, kama wengine. Lakini pale Wentworth alikuta watu ambao siasa ya nchi haikutaka wakutane: Mzulu, Mxhosa, Mpedi, Mhindi, Chotara, mtoto wa mchungaji na mtoto wa mfanyakazi wa nyumbani, wote wanakula meza moja na kubishana mpaka usiku. Serikali iliwaweka pamoja juu iliwaona wote «si Wazungu». Wao wakaanza kuulizana: kama sisi si Wazungu, basi sisi ni nani?

Kitanda kikarudi tena katika habari hii. Julai 1967, chama cha wanafunzi cha NUSAS, kilichoongozwa zaidi na Wazungu wa mawazo ya uhuru, kilifanya kongamano katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Grahamstown. Biko alikwenda na wajumbe wa Natal. Kufika kule, chuo kikakataza weusi kulala katika homu za chuo pamoja na wenzao. Wakapelekwa kulala katika jengo la kanisa ku mtaa wa weusi. Biko alitaka kongamano lisimamishwe mpaka mahali pa kukutana wote bila ubaguzi papatikane. Wengi wakalaumu chuo kwa maneno, kisha wakaendelea na kazi. Aliona kwamba mtu anaweza kukuonea huruma mchana, na usiku akalala vizuri wakati wewe umelala kwenye sakafu.

Mwaka uliofuata, Julai 1968, kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo huko Stutterheim, ikawa vile vile. Sheria ilisema mwafrika asiye na ruhusa asikae katika eneo la mji zaidi ya saa 72. Mkutano ulipozidi muda ule, wakabishana: weusi watoke nje ya mpaka kisha waingie upya, ili saa zianze kuhesabiwa tena? Wanafunzi weusi wakakaa peke yao wakasema imetosha, tunahitaji chama chetu. Desemba 1968 walikutana Mariannhill, karibu na Durban, na Julai 1969 chama cha SASO kikazinduliwa rasmi ku chuo cha Turfloop, kaskazini ya nchi. Biko akawa rais wa kwanza. Wengi wa watu wake wa karibu walikuwa wa ile homu ya Wentworth. Mmoja wao ni Mamphela Ramphele, msichana aliyefika kutoka kaskazini mwaka 1968 kusoma medisini.

Wengi wanaijua SASO kama chama cha siasa, na ni kweli. Walikataa kuitwa «si Wazungu», wakachukua jina «Weusi» kwa Waafrika, Wahindi na Machotara wote pamoja. Lakini mimi kama agronomo ninavutwa na upande mwingine usiosemwa sana. Wale wanafunzi waliuliza: tukisema mtu mweusi ajisimamie, jirani yetu anajisimamia namna gani kama mtoto wake anakufa kwa kuhara? Karibu na homu kulikuwa na mtaa wa mabanda uitwao Happy Valley. Jina maana yake ni bonde la furaha. Maisha yake hayakuwa hivyo. Wanafunzi wa medisini wakajitolea kutibu watu kule ku kliniki. Wengine walikwenda mwisho wa juma New Farm, mtaa maskini upande wa Inanda, karibu na makazi ya Phoenix aliyoyaanzisha Gandhi, ambako maji safi yalikuwa shida. Hakuna profesa aliyewapa alama kwa kazi hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, juu sitaki kuwaletea hadithi ya malaika. Ile miradi ya kwanza ilikuwa na makosa mengi, na Ramphele mwenyewe ameyaandika waziwazi miaka ya baadaye. Wanafunzi walikuja na mipango waliyoitengeneza wenyewe, wenyeji wakawa watazamaji. Walikuja Jumamosi, mitihani ikikaribia, hawaonekani. Walidhani kupenda watu kunatosha. Tunajua hadithi hii, si ndiyo? Ni kisima kilichojengwa na vijana wa mjini, pampu ikaharibika, na hakuna mtu kijijini anayejua nani ana ufunguo. Tofauti yao ni hii: walirudi homu usiku wakabishana juu ya makosa. Mwaka 1972 wakajifunza njia za Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, za kufundisha watu wazima: kuanza kwa kusikiliza, kuuliza watu wenyewe wanaita nini shida yao. Homu njo ilikuwa mahali pa kusahihisha. Mtu anayekwenda kijijini peke yake na kurudi chumbani kwake peke yake, nani atamsahihisha? Mimi nilirudi kutoka Kabare, nikapanga daftari zangu, nikalala.

Na tuseme ukweli juu ya gharama. Mkubwa wetu aliyesema «masomo iko ku iniversite» ana sababu. Mwaka 1972 Biko aliondolewa katika fakilte ya medisini. Masomo yake yalikuwa yameanguka, siasa ilikuwa imekula muda wake wote. Hakuwa daktari kamwe. Yule mama mpishi wa hospitali alimngoja daktari, akapata mtu mwingine. Machi 1973 serikali ilimfungia Biko ku King William's Town: haruhusiwi kutoka eneo lile, haruhusiwi kuhutubia, haruhusiwi kuandika. Sisemi bableu wetu wafanye hivyo. Familia zinazochanga pesa zina haki juu ya diploma zile.

Lakini angalieni kilichofuata. Ramphele alimaliza udaktari mwaka ule ule, 1972. Januari 1975, yeye na Biko na wenzao wakafungua kituo cha afya Zinyoka, kijiji karibu na King William's Town. Wakakiita Zanempilo, kwa Kixhosa: leteni afya. Ramphele alikuwa daktari wake wa kwanza. Akina mama walizaa pale, na wafanyakazi walikwenda vijijini kwa gari kutibu wale wasioweza kufika. Pamoja na kliniki kulikuwa na kazi za kuleta mapato, kama kile kiwanda kidogo cha ngozi ku Njwaxa, juu walishaelewa kwamba dawa bila chakula na bila kazi ni kumwaga maji kwenye kikapu. Safari hii hawakuwa wageni wa Jumamosi. Walikaa pale. Makosa ya New Farm yalikuwa yamewafundisha.

Serikali haikuvumilia. Aprili 1977 Ramphele alihamishwa kwa nguvu, akatupwa mbali sana, Lenyenye, kaskazini ya nchi. Akaanza upya, akajenga kituo kingine, Ithuseng, yaani jisaidieni. Tarehe 18 Agosti 1977 Biko alikamatwa njiani. Tarehe 12 Septemba alikufa mikononi mwa polisi, kichwa kimeumizwa, ana miaka 30. Tarehe 19 Oktoba serikali ilipiga marufuku SASO na vyama vyote vya harakati ile, na Zanempilo ikachukuliwa. Jambo moja linaniumiza mimi niliyeishi kati ya wanafunzi wa medisini: kulikuwa na madaktari waliomwona Biko akiwa kifungoni, mgonjwa, amefungwa minyororo, wakakubali asafirishwe uchi nyuma ya gari karibu kilomita 1,100 mpaka Pretoria. Wale madaktari walikuwa na diploma. Walisoma mifupa na mishipa yote. Hakuna chumba walicholala kilichowafundisha kusema hapana.

Mwaka 1994, baada ya uchaguzi wa watu wote, Nelson Mandela alimchagua Nkosazana Dlamini-Zuma kuwa waziri wa afya. Ninyi mnamjua kama mama aliyeongoza Tume ya Umoja wa Afrika tangu 2012 mpaka 2017. Alikuwa mwanafunzi wa medisini ile ile ya Durban, na makamu wa rais wa SASO mwaka 1976 kabla ya kukimbilia uhamishoni. Mwaka ule wa 1994 serikali mpya ilitangaza matibabu ya bure kwa wajawazito na watoto chini ya miaka 6. Sitasema ni homu iliyofanya hivyo. Lakini swali la mtoto wa mabanda lilikuwa limeulizwa Wentworth, zaidi ya miaka 20 kabla.

Sasa turudi kwetu Kongo, juu sisi pia tuna historia yetu ya vitanda.

Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kilianzisha pale Kisantu kazi yake ya afya, FOMULAC, na mwaka 1932 kikaongeza ile ya kilimo, CADULAC. Wasaidizi wa waganga na wasaidizi wa kilimo walitayarishwa mahali pamoja. Haikuwa paradiso: ilikuwa koloni, na Mkongomani alifundishwa kuwa msaidizi tu, hakuruhusiwa kuwa daktari wala injenia kamili. Lakini mtu aliyepanga Kisantu alielewa kwamba tumbo na shamba ni jirani. Mwaka 1954 Lovanium ikafunguliwa ku mlima karibu na Kinshasa, na wanafunzi wa fakilte mbalimbali wakaishi pamoja kule juu.

Tarehe 4 Juni 1969, mwezi mmoja kabla SASO haijazinduliwa, wanafunzi wa Lovanium walishuka mjini kudai bursa bora na sauti katika uongozi wa chuo chao. Askari wakawapiga risasi. Juni 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka wale waliokufa, chuo kikafungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Agosti 1971 vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, kisha fakilte zikagawanywa kwa miji: medisini ku Kinshasa, sayansi za jamii na za lugha ku Lubumbashi, agronomia upande wa Kisangani na Yangambi.

Someni tena sentensi ile ya mwisho polepole. Afya Kinshasa, jamii Lubumbashi, chakula Yangambi. Kati yao msitu, mto na safari ya majuma. Sisemi kugawanya bwaki kulikuwa ndiyo nia. Lakini kama mtu angetaka watoto wetu wasiwahi kuelewa kwa nini mtoto wa mkulima anakufa njaa ku shamba la mama yake, asingepata mpango mzuri kuliko ule. Tangu wakati ule vyuo vimefunguliwa kila mahali, fakilte zimerudi kukaa mji mmoja. Ila ukuta tuliuhifadhi wenyewe, vichwani. Mimi na yule rafiki wa harusi hatukutenganishwa na Mobutu. Tulitenganishwa na matofali na uzembe.

Kwa hiyo ndugu zangu, juu ya ile nyumba, mimi ninasema hivi.

Kila chumba kichanganye: mmoja wa medisini au wa uuguzi, mmoja wa agronomia, mmoja wa sosiolojia au sheria. Silabusi zao hazitagombana. Wakiamka usiku kusoma mtihani wa kemia, watasoma pamoja, juu mwaka wa kwanza wote wanateswa na kemia ile ile, isipokuwa yule wa sosiolojia au sheria, na yeye atawapikia.

Wachague mtaa mmoja wa karibu, mmoja tu, na wauendee mwaka mzima. Miezi ya kwanza wasipeleke kitu, hata dawa, hata mbegu. Waulize na kuandika, kama wale wasaidizi wa Pholela. Na wakubwa kama sisi tukae nao jioni moja kila juma kusikiliza wamekuta nini, tuwasahihishe, nao watusahihishe. Wakati wa mitihani wakubwa njo wataendelea na kazi ili mtaa usiachwe. Hapo wenzetu wa New Farm walianguka, na sisi hatuna sababu ya kuanguka shimo lile lile.

Na kozi zao zisiguswe. Mbleu anayeanguka masomo apumzishwe kazi ya mtaa bila kuonewa aibu. Tunataka madaktari watakaomaliza, na agronomo watakaomaliza.

Mkubwa wangu uliyesema ile nyumba ni ya kulala tu, ninakuheshimu, wewe ulinisaidia kujiandikisha mwaka wa kwanza na sijasahau. Lakini mimi nililala miaka minne karibu na mtu aliyekuwa na nusu ya jibu, mimi nikiwa na nusu nyingine, na yule mtoto wa Kabare alizikwa bila hizo nusu mbili kukutana. Siku ya kura nitasimama niseme haya kwa mdomo, hata sauti ikitetemeka.

Nimekwenda kuangalia kiwanja nyuma ya ile nyumba. Ni kidogo, nimepima kwa hatua: 9 kwa 14. Udongo si mbaya. Kwa maharagwe inatosha kuanza, na mbegu nitaleta mimi.